Mwaka Niliomwandika Nyandeng

Habari za kifo cha Nyandeng zilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la wasichana tuliosoma pamoja Lodwar, katikati ya picha za harusi na salamu za asubuhi zenye maua. Mmoja wetu, ambaye siku hizi ni mkubwa katika ofisi fulani, aliandika: "Mnamkumbuka yule mkimbizi mrefu wa fomu three? Amefariki huko Kakuma. Figo." Vikono vya sala vikamiminika. Mtu akauliza, "Yupi? Si walikuwa wawili?" Mwingine akajibu, "Yule wa ile drama!" na mwingine tena akabandika uso unaocheka mpaka machozi, kisha akaufuta. Nilikuwa nimeshauona. Katika ujumbe wote ule hakuna aliyeandika jina lake. Mimi nilikuwa nimekaa chumba cha walimu, hapa hapa Lodwar, insha za wanafunzi zimerundikana mbele yangu na feni inazunguka bila kupoza chochote. Niliandika jina, Nyandeng, nikalitazama, nikalifuta herufi moja moja. Halafu nikaingia darasani kufundisha fasihi, nikawaeleza wasichana tofauti ya mhusika duara na mhusika bapa, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu ya bweni ilikuwa na wasichana wa aina mbili. Sisi tulitoka Nakalale, Lokitaung, Katilu na kwingineko ambako mtu anakuja shuleni juu ya lori akiwa mweupe kwa vumbi. Wenzetu walikuwa mabinti wa maofisa na wafanyabiashara waliotoka kule ambako wazee wetu walikuita Kenya tu. Mtu akipanda basi la kwenda Kitale, walisema, "Ameenda Kenya," kana kwamba sisi tuko nje ya ramani. Mabinti wa Kenya walikuwa na magodoro manene, mafuta ya kujipaka yenye harufu ya matunda, na haki ya kucheka. Bwalo lilikuwa la mabati, na wakati wa chakula cha mchana lilinguruma kwa joto kama gari linalopanda mlima. Tulikula githeri yenye wadudu waliokwisha kuiva pamoja na mahindi na maharagwe. Wenzetu walichagua wadudu mmoja mmoja wakiwaweka ukingoni mwa sahani. Sisi tuliwala, nao walitutazama tukila.

Mwalimu wa fasihi tulimwita Fasaha, kwa sababu hakuweza kuomba chaki bila kuipamba. Alikuwa bado kijana, amepelekwa Lodwar bila kupenda, na kila asubuhi alikung'uta viatu vyake mlangoni mwa darasa kama mtu anayekung'uta mji mzima. Mwaka huo tulisoma hadithi ya familia moja tajiri ya jijini. Kwenye lango la nyumba hiyo kulikuwa na mlinzi Mturkana. Alishika rungu, alilala zamu nzima, na alipofungua kinywa alisema mambo kama "Mimi iko napenda nyama ya mbusi." Fasaha alipenda tusome kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Alipofika kwa mlinzi alizungusha macho darasani, akanionyesha kwa chaki. "Akiru, mlinzi ni wewe. Lafudhi unayo tayari."

Wiki ya kwanza nilisoma haraka haraka ili niketi. Wiki ya pili niligundua jambo. Nikikoleza lafudhi, nikijikuna kichwa na kupiga miayo, walicheka hata zaidi, lakini kicheko kilibadilika, kikawa kama changu. Nilianza kuitwa kwenye meza za wenyewe. "Mlinzi, kuja hapa!" wangepaza sauti bwaloni, nami ningeenda nikiburuta miguu, nikipiga saluti, nao wangenipakia siagi kwenye mkate. Wasichana wa kwetu walinitazama kutoka meza ya mwisho. Mmoja wao, mtu wa Lokitaung, aliniuliza kwa Kiturkana kama siagi ile ilikuwa tamu. Nilimwambia ilikuwa tamu sana. Hilo lilikuwa kweli, na hata leo nikionja siagi mate yananijaa kabla aibu haijafika.

Nyandeng aliletwa katika wiki ya tatu ya muhula, kwa gari la shirika lililowalipia karo wasichana mayatima wa kambi ya Kakuma. Alikuwa mrefu kiasi cha kuinama mlangoni mwa bweni, mwenye sanduku la bati na shuka moja, akapewa kitanda cha juu, juu yangu. Alikuwa ametoka Sudan Kusini akiwa mtoto wa kubebwa. Kiswahili alikijulia kambini, kwa Wakongo, kwa Wasomali, kwa walimu, akakiokota chote na kukisafisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi aliyoipata, hata ile iliyofungiwa sukari. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiturkana, "Ejok," akajibu, "Ejok," kisha akaniuliza kama kuna maktaba. Kulikuwa na kabati moja lenye kufuli.

Siku chache baadaye tulikuwa tunasoma ile hadithi, nami ndio nimemaliza kupiga miayo na darasa linacheka, Nyandeng akainua mkono.

"Mwalimu, huyu mlinzi anaitwa nani?"

"Hana jina," Fasaha alisema. "Ni mhusika mdogo. Wahusika wadogo hawahitaji majina."

"Lakini mbwa wa hiyo nyumba ana jina."

Kweli mbwa alikuwa na jina, na sura moja nzima ya kuumwa na kupona. Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza walipoona Fasaha hacheki. Alimtupia kitabu. "Kwa kuwa unamhurumia, msome wewe." Nyandeng akasimama, akasoma. Hakujikuna, hakupiga miayo. Kulikuwa na mahali mlinzi anamwambia mpishi kwamba amelala langoni pale miaka saba na tajiri hajui kama ana watoto. Mimi nilikuwa nimewavunja mbavu na maneno hayo siku iliyotangulia. Yeye aliyasoma polepole, kama mtu anayetoa ushahidi, makosa ya sarufi yakiwemo yote, na mahali pa kicheko tukasikia upepo ukisukuma mchanga kwenye mabati. Fasaha akasema kipindi kimekwisha. Kilikuwa hakijaisha.

Ningependa kuandika kwamba nilimpenda tangu hapo. Nilimchukia. Alikuwa amechukua kitu pekee nilichokuwa nacho darasani mle na kuonyesha kilikuwa kimetengenezwa na nini. Jioni ile meza ya siagi haikuniita, na kesho yake pia.

Lakini vitanda vilikuwa vyetu, kimoja juu ya kingine, na chuki ni kazi ngumu kwa watu wanaogawana ndoo moja ya maji. Jumamosi tulipelekwa mto Turkwel kufua. Tulianika nguo juu ya vichaka, tukatafuna matunda ya mkoma huku nguo zikikauka, na yeye alinisomea chochote alichokuwa amekiokota. Alikuwa na tabia ya kuuliza juu ya watu waliopita tu katika hadithi, msichana aliyeleta chai, mzee aliyefungua mlango, walirudi wapi baada ya ukurasa ule. Siku moja aliniambia, "Akiru, ukiendelea kuwachekesha, hapo hapo watakuacha."

"Na wewe je? Wewe wanakuita mkimbizi."

"Hata nyinyi mnaniita mkimbizi," alisema. "Nyinyi mnalitamka vibaya zaidi yao."

Nilikasirika kwa kuwa ilikuwa kweli. Wapishi wetu, wote watu wa hapa, waliongea juu ya Kakuma kila siku nikiwa kwenye foleni na sahani. Wageni wanapewa mahindi, wageni wana mabomba ya maji, wageni wana zahanati, na mama zetu wanachimba mchanga wa mto kwa mikono. Yote yalikuwa na chembe ya haki, ndiyo maana yalikuwa matamu kusema. Wakimpakulia Nyandeng walikuna chini ya sufuria. Mimi niliona, nikasogeza sahani yangu nipate ya juu. Leo nawafundisha wanafunzi neno usawa kama dhamira, wanaliandika kwenye madaftari na kulipigia mstari. Siwaambii kwamba mwaka ule sikumwona mtu hata mmoja aliyetaka usawa, mimi nikiwemo. Kila mmoja alikuwa anatafuta wa kumkanyaga, na Nyandeng ndiye aliyekuwa wa mwisho kuingia.

Siku ya wazazi alikuja mama mmoja kutoka Kakuma, mrefu kama yeye, kitambaa cha kijani begani, akabeba kisra, mikate myembamba ya mtama, zilizokunjwa kwenye nguo safi na mchuzi wa samaki mkavu ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Langoni aliandikishwa kama shangazi. Tulikula watatu kwenye kivuli cha tangi la maji. Mama yule hakujua Kiswahili ila maneno machache, akawa ananishika mkono na kusema "Lodwar! Kwisi! Kwisi!" yaani vizuri, vizuri, na kuniongezea mchuzi. Wa kwetu hakuja mtu siku ile. Nilikula mpaka nikalamba kopo. Alipoondoka, Nyandeng alimsindikiza mpaka langoni, akampa mkono kama wanavyopeana watu wasiojuana sana, akarudi akakaa karibu yangu. Kisha akasema, "Yule ni mama yangu."

Alinieleza kwa sentensi fupi. Nafasi zilikuwa za mayatima tu. Baba alikufa njiani, hilo lilikuwa kweli, lakini nusu haikutosha. Basi mama mwenyewe alimpeleka kwenye meza ya waandikishaji, akasimama nyuma yake, akamwambia aseme mama amekufa. Nyandeng alisita. Mama akamfinya mgongoni. Akasema. Na mwandikishaji alipouliza huyu aliyekuja naye ni nani, mama akajibu mwenyewe, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba yeye ni shangazi wa msichana, wifi wa marehemu. "Alijizika mwenyewe, Akiru," aliniambia, "akiwa amesimama." Akaniomba nisimwambie mtu. Niliapa kwa Mungu, na nilipoapa nilimaanisha.

Muhula wa pili Fasaha aliniita chumba cha walimu. Alinipa kiti, alinimiminia chai, akanisogezea mandazi. Hakuna mwalimu aliyewahi kunipa kiti. Alitaka mchezo wa tamasha la maigizo. "Andika kitu cha kambini," alisema. "Mkimbizi, njaa, machozi kidogo, kicheko kingi. Wewe unajua kuchekesha." Nilikaa na karatasi siku mbili nikiandika visa vya uongo vilivyokuwa vimekufa kabla ya mstari wa tatu. Siku ya tatu nikaandika juu ya msichana anayemuua mama yake kwa mdomo ili apate nafasi ya shule. Kiliandikika chenyewe. Niliweka mfinyo wa mgongoni. Niliweka kitambaa cha kijani. Mama nilimpa maneno ya kuchekesha, Kiswahili kilichovunjikavunjika, kwa sababu nilijua jinsi ya kufanya hivyo, nilikuwa nimefanya mazoezi kwa yule mlinzi. Mazoezi ya mchezo yalifanywa nyuma ya jiko, kwa siri, eti shule nyingine zisituibie. Nyandeng aliniuliza unahusu nini. Nikamwambia ng'ombe.

Tamasha la wilaya lilifanyika katika ukumbi wa shule yetu. Nyandeng na msichana mwingine wa shirika walikalishwa mstari wa mbele kwa ajili ya mgeni, mama mmoja mwenye miwani aliyewakilisha wafadhili wao. Binti wa ofisa mmoja ndiye aliyecheza mama. Aliingia na kitambaa cha kijani, akasema, "Mimi iko mekufa jana," na ukumbi ukapasuka. Wapishi walikuja wakasimama mlangoni, wakacheka wakishikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikichungulia, na lazima niseme nililoliona na nililolihisi. Nilimwona Nyandeng amekaa wima, mikono juu ya magoti, uso wake hauna kitu. Na nilihisi furaha. Mabinti wa Kenya na watoto wa Nakalale walikuwa wanacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kitu hicho nilikuwa nimekitengeneza mimi, na safari hii aliyechekwa hakuwa mimi.

Baada ya matokeo tuliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Fasaha na mimi. Tulikuwa wa kwanza. Mwamuzi mkuu, mzee aliyetoka Kitale, alikuwa amekaa na maandishi yangu mapajani, na kwenye kiti cha pembeni yule mama wa shirika alikuwa anakunywa soda akisubiri gari lake.

"Kazi nzuri," mwamuzi alisema. "Nzuri mno. Ndiyo maana nauliza. Umeinakili wapi?"

"Sikunakili."

"Binti, mimi nimefanya kazi hii muda mrefu. Wasichana wa huku hawaandiki hivi."

Nilimtazama Fasaha anitetee. Alitazama viatu vyake, akavikung'uta, akasema, "Nilimwongoza sana, bwana. Karibu kila mstari."

Nimesoma na kufundisha visa vingi ambamo mhusika anateleza kwa ghadhabu, neno linamtoka. Langu halikunitoka. Nilikuwa na muda. Nilimwona yule mama wa miwani, niliona glasi yake, nilijua ni nani na anafanya kazi gani. Nilipumua mara mbili. Kisha nikasema, "Ni yangu. Ni kisa cha kweli, mwenyewe namjua, yuko hapa hapa shuleni. Mama yake alikuja siku ya wazazi." Mwamuzi akatabasamu, akaandika kitu. Yule mama akaiweka glasi chini taratibu na kuuliza, kwa Kiingereza, jina la msichana huyo. Nikamtajia.

Nyandeng aliondoka kabla ya wiki kwisha. Hawakumpigia kelele. Mwalimu mkuu alimweleza kwamba taratibu ni taratibu na kuna mayatima wa kweli wanaosubiri. Nilimkuta bwenini akikunja shuka lake. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, mazuri, yenye mpangilio. Hakunipa nafasi.

"Yule mama wa mchezo," alisema, "kwenye karatasi umempa jina gani?"

"Mama Mkimbizi," nilisema.

Akafunga sanduku, akalibeba mwenyewe.

Mchezo ulikwenda Kitale ukashika nafasi ya tatu. Nikapata cheti, na barua ya sifa iliyonifungulia chuo cha ualimu, na kazi hii, na hiki kiti. Yeye hakurudi shule yoyote. Mwaka uliofuata aliozwa kwa mtu wa kwao, akavuka mpaka, vita vilipowaka tena akarudi Kakuma na watoto bila mume. Hayo niliyapata kwa kuuliza watu, kila mmoja kidogo, nikijifanya nauliza jambo lingine.

Mimi mwenyewe nilimwona mara moja tu tena, Desemba ya mwaka ule ule wa mchezo. Nilipata nafasi kwenye lori la mahindi kutoka Lodwar hadi Kakuma, nikatembea ndani ya kambi nikitaja jina lake, mpaka mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa akikaanga mihogo mbele ya nyumba akaniambia, "Mutoto, ni hapa jirani, kuya nikuonyeshe." Nyandeng alikuwa ameketi uani akitwanga mtama. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Alinitazama, akamgeukia jirani, akasema kwa Kiarabu cha Juba, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia shuleni hata ndotoni.

"Anasema hakuyui," jirani alinitafsiria. "Anasema Kiswahili haelewe." Yule mama akakunja uso. "Lakini huyu anaongea Kiswahili kila siku na miye!"

Niliendelea. Nilisema nimekuja kuomba msamaha, nikamweleza juu ya mwamuzi, juu ya Fasaha. Alisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua, na mchi haukusimama. Jirani alikuwa anatafsiri na mimi nikiongea, akijua na mimi nikijua na Nyandeng akijua kwamba haihitajiki.

Ndipo mama yake akatoka ndani. Alinikumbuka mara moja. "Lodwar!" alisema, "Lodwar!" akapiga makofi, akanikumbatia, akaniketisha juu ya kirago. Nilielewa kwamba hakuwa ameambiwa. Miezi yote ile binti yake alikuwa amerudi nyumbani na hajamtajia aliyefanya. Mama aliingia akatoka na kisra na bakuli la mchuzi, akaleta beseni, birika na kipande cha sabuni, akainama kuninawisha. Alinimwagia maji kidogo, nikajipaka sabuni mpaka vifundoni. Akaliinua birika tena.

Mchi ukasimama. Nyandeng alisema kitu kwa Kidinka, bila kuinua sauti, maneno manne au matano. Mama yake hakugeuka. Alibaki ameinama, birika hewani, akinitazama mikono, na maji hayakuja. Kisha akaliweka birika chini, akalichukua bakuli, akalifunika, akaingia nalo ndani.

"Amesema nini?" nilimuuliza jirani.

"Lugha yao siiyui, mutoto," alisema, na yeye pia akarudi kwenye mihogo yake.

Nyandeng akaanza tena kutwanga. Nilisubiri kidogo, mikono nimeinyoosha mbele kama mtu anayepokea kitu, halafu nikainuka nikaondoka. Kulikuwa na foleni ya wanawake kwenye bomba, na sikuweza kuwaomba. Upepo ulikuwa mkali. Kabla sijafika barabarani sabuni ilikuwa imekauka, ikanibana ngozi, nyeupe, ikachanika nilipokunja vidole.